Kaka wa Kupewa

Sumaia alikuwa katikati ya kuwahesabu sululu pale Rizuane alipomwambia kwamba amepeleka posa.

Kuna mambo hayasemwi mtu akiwa kwenye hesabu ya ndege, na hilo Rizuane alilijua kuliko yeyote, kwa kuwa sheria yenyewe aliileta yeye msimu wa kwanza. Watu wawili, kila mmoja na darubini yake. Wanahesabu kimoyomoyo kundi lilelile, hakuna kunong'ona wala kukohoa kwa maana, mpaka wote wawili wamemaliza. Hapo ndipo wanatajiana. Misimu mitatu sheria haikuvunjwa. Leo, siku ya mwisho ya kazi, ndege wameshanenepa tayari kwa safari yao ya kaskazini, bwana huyu akaona ndiyo siku ya kuivunja.

"Umesema nini?" Sumaia hakuishusha darubini.

"Nimepeleka posa. Kwa mjomba wako Mamudo. Ijumaa."

Sululu wote wakamtoka kichwani. Walikuwa palepale mbele yake, na midomo yao mirefu iliyopinda, lakini hakujua tena ameshamhesabu yupi na yupi bado.

"Umenivuruga," alisema. "Inabidi nianze upya."

"Anza."

"Mtu yuko kwenye hesabu, wewe unamletea posa. Huna hata haya."

"Haya ninayo. Nimeibeba tangu Ijumaa mpaka imenichosha, ndiyo maana nimeitua."

Akaanza upya. Maji ya bamvua yalikuwa yamejaa tangu alfajiri, yamefunika tope lote la chini, na ndege walikuwa wamesogea juu kwenye jangwa, ile ardhi tupu ya chumvi iliyo nyuma ya mikoko. Zamani hapa palikuwa na majaruba ya chumvi. Wenyewe walipoyaacha, matuta yalibaki yameizuia bahari, ardhi ikakauka, ikapasuka, na hakikuota kitu. Kazi ya mradi ilikuwa kuyakata matuta hayo kwa majembe ili maji yarudi, kupanda mboga-pwani na mikoko pale panapokubali, na kila bamvua kuangalia ndege gani wamerudi. Kwa maneno ni kazi nzuri. Kwa mgongo na magoti ni habari nyingine.

Alipomaliza alitaja hesabu yake, Rizuane akataja yake. Zilipishana mno. Siku nyingine wangerudia mpaka zikaribiane, lakini leo hakuna aliyekuwa na nguvu hiyo.

"Andika yako," alisema Sumaia. "Yangu imeharibika."

"Nimeiharibu mimi."

"Wewe. Haya niambie sasa, maana umeshaanza. Alikwenda nani?"

"Mjomba wangu. Alitoka Nhica akashukia Olumbi, akateremka kwa miguu. Sisi tulikuwa huku tunachimba mfereji."

"Mjomba Mamudo akamjibuje?"

"Alimpokea vizuri, akampa kahawa. Akasema yeye hana neno, na dini haina neno, undugu wa kutamkwa kwa mdomo hauzuii ndoa. Kisha akamwambia aende kwa mama."

"Mama yupi?"

"Mama. Mama yetu."

Rizuane alilisikia neno hilo likimtoka mwenyewe. Sumaia akamtazama. Alikuwa na tope lililokaukia nyuma ya sikio la kushoto, palepale linapokaukia kila siku kwa sababu huwa halikumbuki sikio hilo anaponawa. Mara ngapi Sumaia alitamani kunyoosha kidole tu akalibandua! Hakuwahi. Dada angeweza kulibandua tope la kakake mbele ya watu na pasingekuwa na neno, lakini yeye alijua mkono wake usingekuwa wa dada.

"Unaona?" alimwambia. "Unaona tunapokwama?"

Hapo ndipo kilipokuwa kikwazo, na msomaji asidhani ni kikwazo kidogo. Msimu wa kwanza mradi ulimtaka Sumaia. Alikuwa amemaliza darasa la kumi na mbili, ameolewa Mocímboa da Praia na kuachika, amerudi nyumbani kumsaidia mama yake kukaanga samaki wa kuuza. Lakini kazi ya bamvua ina alfajiri zake. Ni kwenda matopeni kiza hakijaisha, wewe na mwanamume mgeni kutoka Nhica, na mjomba Mamudo alisema mpwa wake haendi.

Aliyelimaliza jambo ni Bi Chamima, mama mtu. Alipika wali wa nazi, akaita majirani, akamkalisha Rizuane na Sumaia mkeka mmoja, wakala sahani moja. Kisha akamvisha kijana kofia ya marehemu mwanawe Jamaldine, akasema mbele ya wote: huyu ni mwanangu, ni kaka yake Sumaia, mwenye neno aseme. Hakuna aliyesema, midomo ilikuwa imejaa wali. Rizuane naye ana njaa, anataka kazi ianze, akasema, "Nashukuru, mama," akameza wali na undugu kwa pamoja.

Wakati ule hakuna aliyedhani lolote. Wala hakuna siku wanayoweza kuitaja kwamba ndiyo mapenzi yalianza. Tuta ukishalikata, maji huingia kidogo leo na kidogo kesho, mpaka unakuta umesimama ndani yake. Kila aliyewaona wakiwavisha ndege pete za miguuni aliwatania utani uleule, kwamba pete zao wenyewe lini, nao walicheka, mpaka msimu mmoja wakajikuta hawacheki tena.

"Mama alimwambia nini mjomba wako?" Sumaia aliuliza.

"Hakumkaribisha hata kukaa. Alimwambia, 'Baba, umekosea nyumba. Hapa nina watoto wawili, umekuja kumposa yupi?'"

Sumaia alitaka kucheka, akashindwa. Ni mama yake mtupu huyo.

"Na wewe tangu Ijumaa unarudi kula kwake, hukusema kitu?"

"Na yeye hakusema kitu. Ananipakulia, ananiambia kula mwanangu. Ningesemaje?"

"Ungeniambia mimi!"

"Ndiyo nakuambia."

"Leo! Siku ya mwisho! Kesho unapanda gari unakwenda zako, mimi nabaki na mama jikoni tunatazamana. Rizuane, wewe ni mtu mzima au ni nini?"

"Usinipigie kelele, ndege wataruka."

"Waruke! Wameshahesabiwa!"

Wakaruka kweli. Kundi zima lilinyanyuka kwa mlio mmoja mrefu, likazunguka juu ya mikoko, likatua mbali upande wa pili. Wawili hao wakabaki wamesimama kwenye jangwa wakitazama mahali lilipokuwa.

"Twende Nhica," Rizuane alisema taratibu. "Leo jioni. Mjomba wangu yuko tayari, shehe yupo. Tukisharudi tumeoana, mama atafanya nini?"

"Atakufa."

"Hafi mtu kwa ndoa."

"Wewe humjui. Unajua anavyokupikia, basi. Mimi namjua." Sumaia alikaa chini juu ya tuta. "Nikiondoka hivyo nitamwachia vyumba viwili vitupu. Changu na chako. Hicho chako kilikuwa cha Jamaldine, kilishakuwa kitupu mara moja, niliona alivyokuwa. Siwezi, Rizuane. Nakupenda, Mungu anajua, lakini hilo siwezi."

Ilikuwa mara ya kwanza kulisema hilo neno bila kulizungusha. Lilitoka na uchovu hata halikupata heshima yake. Rizuane alilisikia hata hivyo. Alikuja akaketi pembeni yake, akaacha nafasi katikati, ile nafasi waliyozoea kuiacha watu wanapoweza kuwaona.

"Basi unataka nini?" aliuliza.

"Nataka kuoga maji ya moto. Nataka kulala hata siku mbili. Nataka nikuite kwa jina lako barabarani, nisikuite kaka. Nimechoka kukuita kaka, we Rizuane. Ulimi umeota sugu."

"Na mimi nimechoka kukuona jioni unasuka nywele mkekani, mimi natazama ukuta."

"Si utazame."

"Nitatazamaje na mama yupo?"

Hapo wakacheka kidogo wote wawili, kicheko cha watu waliokosa usingizi, kikaisha upesi.

*

Maji yalipokupwa walishuka kwenye mfereji. Mvua za mwaka huu zilikuwa zimebomoa pembe moja, udongo umeziba, na kabla ya kufunga msimu ilibidi uzibuliwe ili bahari isipotee njia mpaka watakaporudi. Walichimba bila kuzungumza. Rizuane akitia jembe, Sumaia akivuta tope kwa mikono kulipeleka pembeni, akibadilisha mkao mgongo unapomkataa. Kila mara waliinama karibu, mabega yakakaribia kugusana, kila mmoja akasogea.

Chefe Cosme, msimamizi wa mradi, aliwakuta hapo. Alikuwa mtu wa mjini Pemba, mwema, mwenye viatu safi, na hakuwahi kufika mahali kwa wakati unaofaa.

"Parabéns, hongereni!" alipaza sauti kutoka juu ya tuta. "Rizuane, cheo chako kimepita! Época ijayo, ndege wakirudi, wewe ndiye kiongozi wa kundi la mdomo wa Rovuma. Na wewe Sumaia utaongoza hapa. Kila mtu na watu wake. Hamtabanana tena matopeni!"

Maji machafu yalikuwa yakipita taratibu kati ya miguu yao kwenda ndani.

"Mbona hamfurahi?"

"Tumechoka, chefe," alisema Rizuane.

"Kweli mmechoka. Mapumziko yamefika. Gari litakuwa pale juu kesho asubuhi, saa ya chai. Usichelewe, tuna njia ndefu." Akaenda zake kutafuta mahali pakavu pa kupiga simu.

Sumaia alijua maana ya habari ile kabla hajamaliza kuisikia. Kilichokuwa kikimrudisha Rizuane kila mwaka mwezi wa tisa, pamoja na ndege, kilikuwa kazi hii. Kazi imekwenda Rovuma, mkeka wa Bi Chamima utabaki hapa, na mtu anayeitwa kaka atakuja siku za sikukuu na sukari na sabuni, atamsalimia dada yake, ataondoka. Siku moja atakuja na mke.

"Nitazungumza na mama leo," alisema.

"Nizungumze mimi. Posa ni yangu."

"Atakunyamazisha. Akikuita mwanangu mara moja tu umekwisha."

Rizuane aliegemea jembe.

*

Bi Chamima alikuwa uani, amekaa kwenye kibao chake, ndoo iko mbele, anafua suruali ya kazi ya Rizuane. Tope la mikoko halitoki kwa maji mamoja. Alikuwa ameshamwaga mara kadhaa na bado maji yalikuwa meusi.

"Mwenzio yuko wapi?"

"Amepitia msikitini. Mama, acha hiyo nitafua mimi."

"Utafua nini, mikono yenyewe huna. Kaoge, maji yako yanachemka."

Sumaia hakwenda kuoga. Alikaa chini ukutani, na tope lake. Mama mtu akaendelea kusugua pindo la suruali. Alikuwa mwanamke mwembamba aliyekuwa mnene zamani, na ngozi yake ilikuwa bado haijazoea habari hiyo.

"Mama, posa ya Ijumaa ulinificha."

"Posa gani? Sikuona posa. Niliona mzee amepotea njia, nikamwelekeza."

"Mama."

"Nini?"

"Nampenda."

Bi Chamima aliikamua suruali, akaitazama, akairudisha majini.

"Hata mimi nampenda," alisema. "Ni mwanangu."

"Si mwanao. Unajua si mwanao. Mjomba Mamudo amesema dini haina—"

"Mamudo hakupika ule wali. Niliupika mimi. Nilisimama mbele ya watu mimi. Leo niwaambie nini? Jamani, yule niliyewaambia ni kakake, sasa ni mumewe? Watanicheka mpaka kaburini."

"Watu wameshasema yao, mama. Wamesema msimu mzima, sasa wamechoka, wanasema ya wengine."

"Wamesema nini?"

"Wamesema Bi Chamima amemfuga mkwe kwa jina la mwana."

Sumaia alitegemea kufokewa. Mama yake alicheka badala yake, kwa puani, mara moja tu.

"Wana akili kuliko mimi," alisema.

"Basi kama ni watu, mama, hakuna shida. Kama ni watu tu..."

"Si watu."

Akaiacha suruali. Akaipangusa mikono kwenye kapulana aliyojifunga, polepole, kidole kimojakimoja, na Sumaia akaona kwamba mama yake alikuwa amechoka kuliko yeye, na si uchovu wa leo.

"Unamjua mkwe wewe?" Bi Chamima alisema. "Uliolewa mbali, mumeo sikumzoea, hukuona kitu. Mkwe hali mbele yangu. Mkwe simfulii nguo. Nikimwona njiani natoka njiani, najifunika uso, nangoja apite. Akiwa na neno analipitisha kwako. Hiyo ndiyo heshima, na mimi sina nyingine, nimefundwa hivyo na nitakufa hivyo. Alipokufa Jamaldine niliendelea kupika chungu kilekile, mwaka mzima, nabakiza. Unakumbuka? Nabakiza, namwaga. Halafu akaja huyu, akawa habakizi."

Sumaia alikuwa akibandua tope mikononi.

"Wewe utapata mume. Yeye atapata mke. Mimi nitapata nini? Nitapata mtu wa kumkimbia. Nimeshazika mwana mmoja, Sumaia. Sasa mnaniambia nimzike wa pili, naye ni mzima, nimsikie sauti ukutani anacheka na nisimwone. Ndiyo mnayoniomba. Mzee wa Nhica aliniomba hilo akiwa amesimama hapo ulipokaa, na wala hakujua anachoomba."

Sumaia alikuwa amejiandaa kwa aibu, kwa majirani, kwa dini, kwa hasira, amekuja na jibu la kila kimoja, na hakuna hata jibu moja lililofaa. Alilia kimya kimya kwa sababu alikuwa hana nguvu ya kulia kwa sauti.

"Basi mama," alisema. "Basi. Simtaki. Atakwenda Rovuma."

"Usinifanyie hisani, nimechoka na hisani. Nenda kaoge, unanuka jangwa zima."

*

Walikula baada ya magharibi, watatu, mkekani, kama kila siku. Wali wa nazi, samaki wa kukaanga, na mboga-pwani iliyokaushwa chumvi yake kwa kuchemshwa mara mbili. Rizuane alikuja ameoga, amevaa ile kofia. Alimtazama Sumaia mara moja, akaona macho yake mekundu, akaelewa kwamba hakuna kitu.

"Mama," alisema, "nina neno."

"Kula kwanza."

"Neno lenyewe—"

"Nimesema kula. Ukishakula utasema."

Akala. Bi Chamima alikuwa akimchambulia samaki, anatoa miiba, anaiweka nyama upande wake wa sahani, jambo alilowahi kumfanyia siku alipokuwa na homa tu. Sahani ilipokaribia kuisha akaongeza wali. Rizuane akala. Akaongeza tena.

"Mama, nimeshiba."

"Hujashiba. Mtu amechimba kutwa anashiba na hicho?"

Akala tena. Mtu hawezi kupeleka posa mdomo umejaa, na Bi Chamima hakuuacha mdomo wake uwe mtupu. Sumaia aliacha kula, akawa anawatazama. Hakuelewa mama yake anafanya nini, aliona tu mkono ule mwembamba ukienda kwenye chungu na kurudi, kwenda na kurudi, mpaka kijiko kikagusa chini.

Ndipo Bi Chamima akachukua birika na bakuli, akamnawisha Rizuane mikono yeye mwenyewe. Hakufanya haraka. Aliona tope nyuma ya sikio la kushoto, akachovya kidole kwenye maji, akalitoa.

"Umeshiba?" alimuuliza.

"Nimeshiba, mama."

"Sana?"

"Sana, mama."

"Haya."

Akasimama, magoti yakalia, akachukua taa akaingia chumbani kwake na kufunga mlango. Rizuane alibaki na neno lake kooni.

"Amekataa," alinong'ona.

"Usimlaumu," alisema Sumaia. Akamweleza yote, kwa sauti ya chini. Alipofika kwenye chungu cha kubakiza, Rizuane alivua kofia, akaishika mapajani kwa mikono miwili. Hakuivaa tena.

"Mimi sikujua," alisema.

"Hata mimi sikujua."

"Basi nisimwombe tena. Siwezi kumwomba tena hilo, Sumaia. Nitatumia mdomo gani?"

Alikuwa na haki, na hilo ndilo lililomuuma Sumaia kuliko yote. Angekuwa mtu mbaya angemsahau. Waliketi pale, sahani tupu katikati yao, wamelewa usingizi na huzuni, mpaka kila mmoja akaenda kulala chumba chake.

*

Asubuhi Rizuane alifunga mkoba wake. Gari la mradi lilikuwa limesimama juu kwenye barabara ya mchanga, chefe Cosme amekwisha kaa mbele. Sumaia alimsindikiza mpaka kwenye ua wa mwisho, hapo njia inapopita kati ya nyumba kuelekea kisimani.

"Mama hayupo?" aliuliza Rizuane. "Sikumuaga."

"Alitoka mapema kuchota maji."

"Utamwambia nini?"

"Nitamwambia umekwenda."

"Sumaia."

"Usiseme kitu. Ukisema kitu nitakufuata, na sitakiwi kukufuata. Nenda."

Hakuweza kwenda. Alisimama akimtazama, wazi, mchana kweupe, bila kutafuta ukuta, na Sumaia naye akamtazama. Majirani wawili waliokuwa wakifagia waliacha kufagia. Potelea mbali, alijisemea Sumaia, watazame. Alimtazama macho, mabega, ile mikono iliyochanika kwa jembe, amtie mzima moyoni, maana hakujua atamtumia kwa muda gani.

Hapo Bi Chamima akatokea upande wa kisimani, ndoo kichwani, anakuja kwa njia ileile.

Rizuane alijikaza. Aliweka mkoba chini, akapiga hatua mbili kwenda kumpokea ndoo, kama alivyompokea kila asubuhi ya misimu mitatu.

"Shikamoo, mama."

Bi Chamima alisimama. Alimtazama. Lilikuwa tazamo refu, la kushiba, kuanzia miguu mpaka kichwa kisicho na kofia. Kisha akaitua ndoo mwenyewe katikati ya njia, maji yakamwagika kidogo. Akatoka njiani, akaingia kwenye majani kando ya ua wa jirani, akageuza mgongo, akachuchumaa. Akaivuta kapulana kutoka mabegani, akajifunika kichwa na uso wote.

Hakuitikia salamu.

Mmoja wa majirani alitia mkono mdomoni. Mwingine alianza kigelegele, akakikatisha, kwa sababu aliyechuchumaa pale alikuwa akitikisika mabega.

Rizuane alibaki na mikono yote miwili mbele, ile mikono aliyoinyoosha kupokea ndoo. Alifungua mdomo. Neno alilotaka kumwita halikuwa lake tena, na lingine hakuwa amejifunza. Sumaia alimwona akilitafuta, machozi yakimshuka bila kuyafuta, na yeye mwenyewe alikuwa analia, na alikuwa na furaha kubwa kuliko aliyowahi kuwa nayo, na haikumsaidia kitu. Alikwenda akapiga magoti kwenye majani kando ya mama yake. Hakujua amguse wapi.

"Mama," alisema.

"Amepita?" sauti ilitoka chini ya nguo, nzito.

"Bado, mama. Amesimama."

"Anangoja nini?"

"Sijui, mama. Analia."

Kapulana ilivutwa chini zaidi.

"Mwambie mumeo apite," alisema Bi Chamima. "Magoti yananiuma."